Kwa mpwa wangu: si penalti iliyotufunga

Mpwa wangu,

Tangu Jumapili vijiwe vya kahawa kuanzia Majengo hadi Likoni vinazungumza penalti uliyokosa, nawe umevijibu kwa video ya dakika nne: mara refa, mara uwanja, mara winga aliyekunyima pasi. Ifute.

Penalti tuimalize upesi. Goli lina upana wa mita 7.32, mpira uko mita 11, na shuti zuri hufika kwa karibu nusu sekunde. Kipa akingoja auone mpira ulikoelekea, mara nyingi amechelewa, ndiyo maana alikuwa akifunga glavu na kukuonyesha upande. Alitaka ubadili nia njiani, ukabadili. Mguu wa kuegemea ulikanyaga nyuma ya mpira, kifua kikalala nyuma, mpira ukapaa. Tena ulikimbilia. Filimbi inakupa ruhusa tu, haikulazimishi kupiga papo hapo. Shusha pumzi kwanza.

Dawa yake si kupiga ishirini mfululizo miguu ikiwa mibichi. Piga tano, mwisho wa mazoezi, jezi imelowa. Kila moja itembelee kutoka katikati ya uwanja peke yako, maana mwendo ule ndio unaovunja watu. Kona ya goli utakayopigia mnong'oneze kocha kabla hujaondoka. Ukiibadili, hata ikiingia, ihesabiwe umekosa.

Sasa tuje kwenye lako hasa. Baada ya kukosa ulitembea dakika ishirini. Kazi yako mpira ukipotea ni kumfuata beki wao wa kushoto. Alipanda mara tatu, hukugeuka hata kumtazama. Beki wetu wa kulia akabaki na watu wawili: akimfuata mmoja, wa pili yuko huru. Bao la pili lilizaliwa hapo, na mashabiki wakamzomea yeye. Chipukizi kama angetembea vile angetolewa baada ya dakika tano. Wewe kocha alikuacha kwa sababu ya jina (kosa lake hilo, nitamwambia mwenyewe), na benchi zima liliona.

Mkumbuke Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana, 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay: sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, penalti yake ikagonga mtambaa panya. Muda si muda, mikwaju ilipoanza, akajitokeza kupiga ya kwanza ya Ghana, akafunga. Ghana ilitolewa 4-2 hata hivyo. Sikuambii uige kuupiga mpira; siku nyingine mguu haupo, na kumpa mwenzako si woga. Ninachotaka ukione ni kwamba aliendelea kuwa kazini.

Kesho mkikaa kutazama marudio ya mechi, mwombe kocha asimamishe picha pale beki wao anapopanda mara ya kwanza. Useme wewe, kabla hajasema yeye: huyu alikuwa wangu. Mgeukie beki wetu, si kamera. Neno "lakini" lisitoke mdomoni mwako.

Kisha uliza mpigaji wa kwanza sasa ni nani. Akiwa mwingine, penalti ijayo uchukue mpira wewe, uukumbatie kama unayepiga, wapinzani wakuzonge na kukutukana wewe. Refa akishawatoa kwenye kisanduku, mkabidhi mwenyewe, usimame ukingoni tayari kwa mpira utakaotemwa na kipa.

Mjomba wako