Usituulize kilomita: tunavyomchagulia mgeni njia za baiskeli kwa wikendi moja ya Alps

Kuanzia Mei, ujumbe wa namna hii hutufikia karibu kila wiki kwenye duka letu la baiskeli hapa Chur, Uswisi: "Kaka, tunatua Zürich Ijumaa jioni, Jumapili usiku tunaondoka. Tuko wanne, wote tuna mazoezi. Tutafutie njia ya kilomita 40 kwa siku." Mwandishi mara nyingi ni Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi London au Ujerumani, au ni mtu wa Nairobi aliyekuja kwa mkutano akaongeza siku mbili za kujipa raha. Nasi humjibu kwa swali: umewahi kuteremka mita ngapi kwa siku moja?

Wengi hawana jibu, na si kosa lao. Aliyezoea kupiga pedali msitu wa Karura au vilima vya Ngong huihesabu siku yake kwa kilomita na kwa milima aliyoipanda. Huku anayepanda ni gari la waya. Kazi yako wewe ni kushuka, na kushuka kunachosha viungo ambavyo hukuwahi kujua kama vinachoka.

Kifua hakina shida hata kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lenzerheide, kijiji tunakowapeleka wageni wengi kutoka dukani kwetu hapa Chur, kiko kama mita 1,470. Mgeni anafika na pumzi za akiba, anajiona simba, kisha mikono inamwangusha.

Mwaka juzi tulikuwa na mgeni mmoja, mwendeshaji mzuri kweli. Alianza asubuhi Scharmoin, kituo cha kati cha gari la waya la mlima Rothorn, mita 1,900, akashuka mara sita bila kupumzika. Saa saba mchana tukamkuta ameketi kituoni, anahangaika na kifungo cha kofia yake ngumu. Vidole vimekataa kubana. Diski ya breki ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi, bluu ikielekea zambarau, na pedi zilinuka kama klachi ya lori lililokwama mlima Kitonga. Tangu juu mpaka chini alikuwa ameshikilia breki kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha mkokoteni wa maji. Ukifanya hivyo diski haipati nafasi ya kupoa, breki inalegea, wewe unabana zaidi, mkono nao unakufa ganzi. Dawa yake ni kubana sawasawa kabla ya kona, kwa kidole kimoja, halafu kuachia kabisa. Hilo tunalifundisha nusu saa nyuma ya duka kabla hatujampandisha mtu yeyote. Wapo wanaonuna. Na wanune.

Sasa, njia zenyewe. Uswisi njia za baiskeli hupewa rangi: bluu rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu. Kuna pia kipimo kilichoanzia Ujerumani, kutoka S0 hadi S5, nacho tunakiamini zaidi kwa sababu kinakwambia utakutana na nini. S0 ni udongo laini usio na kizuizi. S1 ina mizizi na mawe madogo. S2 ina mawe makubwa zaidi, ngazi, na kona za kubana. Ukifika S3 kuna mawe makubwa mengi, ngazi ndefu zaidi na kona kali za kugeuka nyuma. Mgeni wa wikendi moja, hata awe na mapaja ya chuma, tunamwanzisha S1. Akirudi anacheka, tunapanda daraja.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi huwa Lenzerheide, au kijiji cha Flims kwenye njia ya Runca. Runca ilijengwa mahsusi kwa baiskeli. Kona zake zina kingo zilizoinuliwa, zinakubeba zenyewe ukizikubalia. Kote kuwili unafika kwa basi la njano la posta kutoka stesheni ya Chur. Chagua mahali pamoja tu. Kundi linalotaka Flims asubuhi na Lenzerheide mchana hushinda likifungua na kufunga baiskeli kwenye mabasi. Mchana wa kiangazi ngurumo nazo huja mapema, na ukingo wa mlima wenye waya wa chuma juu yake si mahali pa kungojea radi. Saa nane uwe umeshuka.

Jumapili, kama vidole bado vinafunga vifungo, ndipo tunazungumzia njia ndefu. Wengi huitaja Alps Epic Trail ya Davos kwa sababu wameiona kwenye video: inaanzia kilele cha Jakobshorn, karibu mita 2,590, na inaishia Filisur baada ya takribani kilomita 40. Ni nzuri mno. Kutoka Filisur kuna treni ya kukurudisha Davos, hivyo huhitaji gari. Lakini kumpeleka mtu huko siku yake ya kwanza ni kumkomoa, na mwanzoni mwa Juni hatumpeleki kabisa, maana miteremko ya kaskazini huko juu bado inaweza kuwa na theluji.

Wengine hutuuliza kwa nini wasiende Austria au Ufaransa. Nendeni, ila jueni sheria. Austria, sheria ya misitu ya mwaka 1975 hairuhusu kuendesha baiskeli msituni bila idhini ya mwenye msitu, kwa hiyo shikeni njia zilizotangazwa rasmi tu. Chamonix, Ufaransa, nako, Julai na Agosti, njia nyingi za waenda kwa miguu hufungiwa baiskeli. Hapa kwetu, jimbo la Graubünden, tunazitumia pamoja na wapanda mlima, mradi unapunguza mwendo, unasalimia, na unawapisha. "Grüezi" moja inatosha.

Mkija na baiskeli zenu, wekeni nafasi yake mapema kwenye treni za InterCity. Wikendi za kiangazi huwezi kuipandisha hivi hivi. Mkikodi kwetu, tutumieni urefu wa kila mtu, uzito wake akiwa na begi (shokomzoba na upepo wa tairi tunavipanga kwa uzito huo), na mniambie mkono gani umezoea breki ya mbele. Aliyejifunzia baiskeli Kenya au Uingereza mara nyingi ameizoea kulia. Za huku huwa kushoto. Kubadilisha kunatuchukua muda, na tungependa kulifanya Alhamisi, si Jumamosi saa mbili asubuhi basi likiwa limeshawasha injini.