Pembe si za kale, mhariri

Mhariri, gazeti lako nalisoma tangu ujana na sijawahi kukuandikia, lakini ile ripoti yenu ya alama za Mombasa imenishinda kunyamazia. Eti mji waitwa Mvita na alama yake ya kale ni zile Pembe, mfano wa pembe za ndovu zilizopindwa juu ya barabara ya Moi Avenue!

Jamani, Pembe ni za aluminiamu. Ziliwekwa 1952 kwa ujio wa Binti Mfalme Elizabeth, siku hizo Moi Avenue bado yaitwa Kilindini Road, zikaongezwa nyengine 1956 alipokuja mdogo wake, Margaret. Sizichukii, mimi mwenyewe nilipigwa picha pale siku ya harusi yangu, lakini jina la Mvita lina damu ya watu ndani yake bwana. Ngome yetu, Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu watu wafa mle ndani kwa njaa na maradhi. Na Msikiti wa Mandhry una mwaka 1570, ushaipita umri hata Ngome yenyewe, na mnara wake mweupe upo pale pale. Hamkuandika hata mstari mmoja!

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu kutoka Nakuru nikataka akauone mnara wa Mbaraki. Namwambia kijana wa tuktuk tupeleke mnarani, aniuliza mnara gani mzee, ule wa simu? Mtoto wa papa hapa, kazaliwa Likoni. Sikumgombeza maana nani kamwambia? Tulipofika mpwa wangu akauangalia ule mnara wa mawe ya matumbawe kutoka juu mpaka chini, akaona vichupa vya marashi na majivu ya ubani ambao watu humpelekea pepo wanayesema akaa mle, akaniuliza mjomba, mbona mimi hii sijawahi kuisoma popote? Nilikosa la kumjibu wallahi.

Na huko Mji wa Kale mambo ni yale yale, waya za stima zimetandwa kichochoro kizima kama nyavu, ukitaka kupiga picha roshani wapata waya, na chini tuktuk zimeegeshwa mpaka mlangoni mwa watu, mlango wa kuchongwa, nakshi zote zimekwaruzwa na vioo vya pembeni.

Basi mtume huyo mwandishi wako Jumamosi baada ya Alasiri, nitamngoja nje ya Ngome. Twende Mandhry kwa miguu halafu Mbaraki, nauli nalipa mimi. Aje na daftari, na safari hii muandike ukurasa mzima.

Msomaji wako, Kibokoni, Mombasa