Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Kwa Nini Watoto Wanapelekwa Korongoni

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam.

Poleni na majukumu, na hongereni kwa kutufikisha mwisho wa mwaka wa masomo. Ripoti za watoto mmeshapokea, na tarehe ya kufungua shule Januari imeandikwa chini ya kila ripoti. Mwenye swali kuhusu alama aonane na mwalimu wa darasa kabla hajasafiri. Mimi naomba nijibu swali ambalo wengi mmeniuliza muhula huu, njiani, sokoni na hata msibani: mbona siku hizi watoto wanatoka darasani na kamba na vigingi wanaelekea korongoni?

Ni swali la haki, na jibu lake linaanzia kwa walimu.

Mwaka huu walimu wetu wamekuwa wakikutana hapa shuleni baada ya vipindi, katika jumuiya ya kujifunza, kwa utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hakuna posho wala safari ya mjini. Wanakaa kwenye madawati madogo ya Darasa la Pili, wanafungua andalio la somo la mwenzao, wanalichambua, na siku inayofuata mmoja anaingia darasani kumwangalia mwenzake akifundisha. Mada waliyoichagua ni namna ya kufundisha utunzaji wa ardhi, maji na miti ndani ya masomo yaliyopo, bila kuongeza kipindi hata kimoja. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umetuletea somo la Jiografia na Mazingira kuanzia Darasa la Tatu, na tunalishukuru sana. Lakini walimu waliona kwamba mambo haya yakiachwa kwenye somo hilo peke yake, mtoto atayakariri, atayajibu kwenye mtihani, kisha ataenda nyumbani kulima kwa kufuata mteremko kama kawaida.

Ndiyo maana Hisabati ya Darasa la Tano ikahamia kando ya korongo. Watoto walichukua miti miwili ya urefu unaolingana, wakaifunga juu, wakakaza wa tatu katikati hadi ukatokea umbo la herufi A. Kileleni wakaning'iniza kamba yenye jiwe. Kifaa hicho husimamishwa ardhini, unaweka alama pale kamba inapokata mti wa katikati, unabadilisha miguu, unaweka alama ya pili. Nusu ya nafasi kati ya alama hizo ndiyo usawa. Hapo unatembea nacho ukikatiza mteremko, na kila kamba inapotulia kwenye ile nusu unachomeka kigingi. Mstari wa vigingi ndio unaokuonyesha pa kuchimba kingamaji, yaani mtaro unaokatiza mteremko, ili maji yatulie badala ya kukimbia.

Siku ile nilikuwepo. Binti mmoja aliuliza: "Mwalimu, je, mguu mmoja ukiwa mfupi kidogo?" Mwalimu hakumjibu. Aliwapa panga wapunguze mguu mmoja kidogo, wajaribu wenyewe. Walibadilisha miguu, wakapima, wakabishana, wakapima tena, na wakagundua kwamba ile nusu bado inawapa usawa, kwa sababu kosa la upande mmoja linafutwa na kosa la upande wa pili. Nimefundisha miaka mingi na najua jinsi ilivyo vigumu kwa mwalimu kunyamaza akiwa na jibu mdomoni. Kunyamaza kule ndiko walikokuwa wakikufanyia mazoezi kwenye yale madawati madogo. Na wasiwasi wa wazazi wa Darasa la Nne na la Saba, madarasa yenye mitihani ya taifa, kwamba mada zitaachwa, nauelewa, lakini nusu, wastani, pembe na vipimo vyote vimo kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha. Hakuna mada iliyorukwa.

Kwa Kondoa, hapa mkoani Dodoma, somo hili halikutoka mbali. Wazee wetu wanakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na wanakumbuka zaidi mwaka 1979, mifugo ilipoamriwa kuondoka kabisa kwenye eneo lililoharibika. Vilima vilikuwa vimebaki vyekundu, makorongo yamemeza mashamba, mchanga umejaa mabondeni. Baada ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kuondoka, nyasi na vichaka vilirudi, na wageni kutoka nchi nyingi walikuja kutazama. Lakini wapo waliopoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba na mali ya kuolea. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili alisimamia jambo ambalo nalipongeza hadharani: habari hii ifundishwe kwa pande zote mbili. Alimwalika babu mmoja aliyehamisha ng'ombe wake mwaka ule, na bibi mmoja ambaye shamba lake lilipona. Darasa la Sita likawasikiliza wote wawili, likaandika insha za Kiswahili. Insha nyingine zilitetea amri ile, nyingine ziliipinga, na mwalimu alisahihisha hoja na lugha bila kumlazimisha mtoto upande wa kushika. Mtoto anayejua kwamba kuitunza ardhi kuna gharama, na kwamba gharama hiyo huwaangukia watu fulani, ataamua vizuri zaidi zamu yake ikifika.

Madarasa ya chini nao hawakuachwa. Walikata chupa za maji za plastiki kwa ubavu, moja wakaijaza udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa majani makavu, ya tatu udongo wenye nyasi zilizoota, wakamwagia maji kiasi kilekile. Maji yaliyotoka kwenye udongo mtupu yalikuwa mekundu mazito. Kama mtoto wenu amewakataza kuchoma mabua baada ya mavuno, hapo ndipo alipoyatoa, na naomba asigombezwe.

Kuna uamuzi mwingine wa walimu unaopaswa kuwafikia. Wengi wetu tuliosoma zamani tulijua jembe la shule kama adhabu: umechelewa, nenda kalime, umepiga kelele, nenda kachote maji umwagilie miti. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, na haiwezekani mtoto akapenda kazi anayopewa kama kiboko. Hivyo katika shule yetu, kuanzia Januari, hakuna mtoto atakayepelekwa shambani wala kwenye miti kwa kosa la nidhamu. Kazi za shamba zitakuwa za zamu, na kila zamu ina mwalimu na jambo la kupima au kuandika.

Jikoni nako kuna kazi ya mwakani. Kamati ya shule imekubali tujenge majiko banifu, yaani yanayotumia kuni kidogo, ya kupikia uji na makande, na Darasa la Sita watapima kuni kwa mizani kabla na baada ya kuyajenga, ili tujue kwa hakika tumeokoa kiasi gani. Serikali imeweka mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Jiko banifu bado linakula kuni na halijatufikisha huko, ila litapunguza mzigo wa akina mama wanaotuchangia kuni wakati tukitafuta gesi.

Sasa maombi yangu kwenu.

Likizo hii mvua zinaanza, na watoto wa Darasa la Nne hadi la Sita wamepewa kazi moja ya nyumbani: kuchagua visiki vitatu vilivyo hai shambani au kando ya nyumba, kubakiza machipukizi yenye nguvu, kupogolea mengine, na kufunga kitambaa cha alama. Ndiyo ile kisiki hai mnayoisikia mkoani kwetu. Naomba muwaonyeshe visiki hivyo na mbuzi wafungwe mbali navyo. Mti uliokwisha kuwa na mizizi chini hukua haraka kuliko mche tunaoupanda na kuukosea maji Agosti.

Tunaomba pia mababu na mabibi walio tayari kuja kusimulia habari za mashamba, vijito na malisho ya zamani. Hawahitaji kujua kusoma. Mwalimu wa zamu ataandika majina yao siku ya kufungua shule.

Mwisho, tunahitaji fundi matofali wa kujitolea na mchanga wa mto kwa ajili ya majiko. Mwenye uwezo amwone mwenyekiti wa kamati ya shule kabla ya Krismasi.

Nawatakia likizo njema na mvua za kutosha.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu