Sato wangu waliingia mtoni

Ndugu Mhariri,

Nafuga sato hapa Mang'ula, Kilombero. Masika ya mwaka juzi tuta la bwawa langu la chini lilikatika usiku. Kulipokucha nikakuta tope na samaki wachache wakirukaruka. Wengine walikwisha kufika kijitoni, na kijito hicho humwagia Kilombero. Nilipiga hesabu ya pumba na vifaranga nilivyopoteza. Mto sikuufikiria.

Mwaka huu mpwa wangu, anayesomea shahada ya uzamili, alikaa kwangu wiki mbili akitafuta sato wamefika wapi. Hakuja na kokoro wala ndoana. Alichota maji lita moja moja, akayachuja kwenye kikaratasi cheupe, akakiweka kwenye deli la barafu. Samaki huacha majini ute, kinyesi na vipande vya ngozi, na humo mna vinasaba vyake. Maabara huvisoma hata kama samaki mwenyewe hajaonekana. Nilipotaka kumshikia chupa alinikemea: "Mjomba, si umetoka kushika sato asubuhi hii!" Alikuwa na chupa nyingine ya maji safi aliyoyachuja vilevile. Ikionekana nayo ina sato, basi uchafu tumeuleta wenyewe.

Anayemhofia ni perege wetu wa asili. Sato huzaa naye, na machotara nao huzaa. Hapo kipimo chake kina upofu, maana husoma vinasaba vya upande wa mama tu: chotara wa mama perege atasomeka perege. Sisi sato tunamjua kwa mistari ya mkiani, ila chotara hutuchanganya hata sisi. Kwa hiyo bado ilimbidi anunue samaki kwa wavuvi.

Wakati nanunua vifaranga niliambiwa wote ni madume. Baada ya miezi michache bwawa likajaa watoto. Hakuna aliyeniuliza bwawa langu liko hatua ngapi kutoka kijitoni. Maofisa uvuvi waanzie hapo, kabla kifaranga hakijatoka kwenye mfuko.

Na majibu ya chupa zile yasifungiwe katika tasnifu ya Kiingereza. Yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, hata kama chupa iliyochotwa chini ya bwawa langu ndiyo itakayokutwa na sato.

Mfugaji wa samaki,
Mang'ula, Morogoro