Yah: Kufungiwa akaunti ya udereva kwenye programu yenu ya kupeleka mizigo siku 11, kuzuiliwa malipo na kudhalilishwa dirishani

Ndugu Meneja wa Shughuli,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa kuwa mnayaandika wenyewe na kuyabadilisha wenyewe, mara nyingine usiku, nasi tukiamka tunabonyeza "Nakubali" kwa sababu bila kubonyeza hakuna kazi. Kwa hiyo sitawasomea kifungu hata kimoja. Naandika kwa heshima, ila heshima hiyo isiwafanye mkadhani sijakasirika. Nimekasirika sana.

Akaunti yangu ilifungwa jioni ya tarehe 4 nikiwa barabarani, mzigo wa mteja ukiwa kwenye boksi nyuma ya pikipiki. Ujumbe ulikuwa na sentensi mbili: kwamba zimeonekana "shughuli zisizo za kawaida", na kwamba uamuzi ni wa mwisho. Shughuli gani? Safari ipi? Siku gani? Hakuna. Mzigo ule niliupeleka hivyo hivyo, ramani ikiwa imeshazimwa, nikiuliza njia kwa kila niliyekutana naye, maana mteja aliyekuwa anausubiri hakuwa na kosa lolote. Safari hiyo hamjanilipa mpaka leo.

Niliandika kwenye sehemu ya msaada mara sita. Majibu sita yalikuja, yote yale yale, neno kwa neno mpaka kwenye nukta. Ndipo nikaja ofisini.

Hapa naomba msome polepole. Nilipanga foleni zaidi ya saa mbili. Nilipofika dirishani nilimsalimu dada aliyekuwepo, nikampa namba ya akaunti, nikamwomba anieleze kosa langu ili kama ni kweli nikiri, kama si kweli nijitetee. Akaandika, akatazama, kisha akaigeuza skrini upande wa ukutani nisiione. Akasema, "Mfumo umeamua, kaka. Naomba umpishe mwenzako." Nyuma yangu kulikuwa na madereva kama 15, wengine tunafahamiana kwa majina, na wote walikuwa wameshasikia neno "udanganyifu" alipolisoma kwa sauti kutoka kwenye faili langu. Nikapisha.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: malipo ya kila wiki yalikuwa yakiingia kwa wakati, na yule dada mwenyewe hakunitukana. Yeye ametumwa. Aliyemweka pale bila mamlaka ya kufungua faili wala ya kulisahihisha, huyo ndiye ninayemwandikia.

Siku ya 12 akaunti ilifunguliwa. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeandika kwamba wamekosea. Nilipoingia nikakuta mstari mmoja kwenye taarifa ya malipo: dai la mteja, mzigo haukufika, limekatwa. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kosa nililoadhibiwa nalo, baada ya adhabu kwisha. Tena tarehe ya safari hiyo ni tarehe 1, siku tatu kabla ya kufungiwa. Siku tatu mlikuwa na dai mkononi na simu yangu mnayo. Kuniuliza tu kulikuwa na ugumu gani?

Sasa narudi pale dirishani, kwa sababu kuna jambo sikulisema mara ya kwanza, na ndilo linaloninyima usingizi. Kabla yule dada hajaigeuza skrini, niliiona. Niliiona picha. Ilikuwa picha niliyoipiga mwenyewe tarehe 1, kama mnavyotutaka tupige kila tunapokabidhi: mzigo uko mbele ya mlango na namba ya nyumba inasomeka juu yake. Kwenye simu yangu picha hiyo hupotea safari ikishafungwa, kwenu inabaki. Nikamwambia, "Dada, si hiyo picha hapo? Mlango si ndio huo?" Ndipo alipoigeuza. Akasema, "Hii siruhusiwi kukuonyesha." Ndipo akasema mfumo umeamua. Ndipo nikaambiwa nimpishe mwenzangu. Ushahidi wa kunisafisha ulikuwa umbali wa mkono wangu, na mtumishi wenu aliufunika mbele ya watu waliokuwa wameshasikia naitwa mdanganyifu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto. Nilitoka pale natazama chini.

Na adhabu haikuishia kwenye siku 11. Nilipofunguliwa nilikuta nimeshushwa kutoka kundi la kwanza la kuchagua zamu hadi la mwisho, na maelezo ya mfumo ni kwamba "sikuwa hewani". Nyie ndio mlioniondoa hewani! Kwa miaka mitatu nimepanda kundi hilo safari kwa safari, nimefanya kazi na homa ili kiwango kisishuke, leo nagombania masaa ambayo wenzangu wameyaacha. Jambo hili limeshafika mahakamani kwingine. Tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna, Italia, ilikuta kwamba mfumo wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka vyakula, wa kuwapanga madereva ulikuwa wa kibaguzi, kwa sababu uliwashusha waliokosa zamu bila kujali kama mtu alikuwa mgonjwa au yuko kwenye mgomo. Wa kwenu haujali hata pale sababu ya kukosa ni nyie wenyewe.

Maneno ya "mfumo umeamua" nayo msiyaone mepesi. Aprili 2023 mahakama ya rufani ya Amsterdam ilisikiliza kesi ya madereva wa Uber waliofungiwa kwa tuhuma za udanganyifu. Kampuni ilidai kuna watu waliokagua uamuzi. Mahakama ikaona ushiriki wa watu hao ulikuwa wa ishara tu. Na maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu kazi za majukwaa, yaani kazi zinazogawiwa kupitia programu kama yenu, yaliyopitishwa mwaka 2024 na ambayo nchi wanachama zimepewa hadi tarehe 2 Desemba 2026 kuyaingiza kwenye sheria zao, yanataka uamuzi wa kumfungia mtu akaunti ufanywe na binadamu, apewe sababu kwa maandishi, na akiomba uangaliwe upya ajibiwe ndani ya wiki mbili. Hata kama ofisi yenu haiko chini ya mahakama hizo, msiseme tena kwamba ninachodai hakiwezekani.

Nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mnirudishie malipo ya safari 38 mliyoyashikilia pamoja na lile dai mlilokata, na mniandikie barua kwamba sikudanganya. Lakini kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi, kwa sababu kesho mtamfanyia mwingine.

Tumelinganisha simu zetu. Dereva wawili wametoka sehemu moja kwenda mtaa mmoja dakika ile ile, malipo tofauti. Zamani tulionyeshwa umbali wa kwenda kuchukua mzigo na umbali wa kuupeleka, tukajipigia hesabu ya mafuta kabla ya kukubali. Sasa inakuja namba moja na sekunde chache za kuamua, na ukikataa kiwango kinashuka. Mteja amelipa kiasi gani, nyie mmechukua kiasi gani, hatuoni. Bakshishi je? Wateja wanatuambia wametuongezea kitu, sisi hatukioni. Mwaka 2021 huko Marekani, Amazon ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61 baada ya tume ya biashara kudai kwamba kampuni ilitumia bakshishi za madereva wake kufidia malipo iliyowaahidi. Siwatuhumu kwa hilo. Nasema fungueni hesabu, mtu asiwatuhumu.

Kwa hiyo nadai yafuatayo, na sasa ni madai, si maombi. Malipo yangu yote yaingie ndani ya siku 14, pamoja na fidia ya siku 11 kwa wastani wa mapato yangu ya wiki nne zilizotangulia, ambayo mnayo. Kundi langu lirudishwe lilipokuwa. Nipewe nakala ya kila taarifa yangu mliyonayo, ikiwemo ile picha, lile dai, na jina la cheo cha mtu aliyepitisha uamuzi. Kama hakuna mtu, mwandike hivyo na mtie sahihi. Kila dereva aonyeshwe umbali na malipo kabla ya kukubali safari. Na asifungiwe yeyote kabla ya kuulizwa upande wake.

Siku 14 zikipita kimya, barua hii pamoja na picha za skrini za majibu yenu sita zitakwenda kwa afisa kazi na kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Madereva 40 wameshanipa kumbukumbu za safari zao, na kila jioni wanaongezeka. Tukilazimika tutazima programu wote kwa pamoja, katika saa ile ambayo mnatutumia ujumbe wa kutubembeleza tuingie kazini. Sikutaka kuliandika hili, lakini nimeandika mara sita kwa upole na mmenijibu kwa mashine.

Na nataka kuombwa radhi. Si kwa ujumbe wa simu. Nilidhalilishwa dirishani, na radhi itolewe dirishani, foleni ikiwepo.

Siku ya 14 nitakuja mwenyewe saa tatu asubuhi kuchukua jibu. Skrini iwe imenielekea.

Wenu katika kazi,

Dereva
(Jina kamili na namba ya akaunti vimeambatishwa)

Nakala: Idara ya Malipo, Idara ya Huduma kwa Madereva