Shosti, hongera, ila hiyo kazi inaninyima usingizi

Zuhura mwaya,

Za masiku? Huku wazima wote, mama anakusalimia na anasema vitenge vyake hajavisahau, shauri yako. Najua nimekuwa kimya, lawama nimezipokea, ila na wewe simu hupokei. Sasa juzi Mwanaidi kaniambia umepewa msimu mpya wa ile tamthilia yetu uuongoze, jamani nilipiga kelele mpaka bosi akachungulia. Hongera mnooo! Usiku usingizi ukagoma, nikaona bora nikuandikie.

Wasiwasi wangu ni huo ushabiki wako. Maana wewe ni shabiki wa kukariri mistari, wa kumnunia mtu wiki nzima kisa kamsema vibaya Bi Shemsa wa kwenye tamthilia. Sasa kuna mdhamini anataka sabuni yake ionekane, prodyuza ana bajeti yake na tarehe yake, na huko kwenye komenti watu wanaamka nawe wanalala nawe. Utaweza kweli?

Nikamkumbuka J.J. Abrams, yule dairekta wa Star Wars, zile muvi za vita vya angani, tuliyegombana kwa ajili yake mpaka tukafukuzwa kibanda umiza. Jamaa alikuwa na miaka 10 tu ile muvi ya kwanza ilipotoka 1977. Disney wakainunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, 2012 kwa dola kama bilioni 4, wakamfuata aongoze ya saba, mwanzoni akakataa. Mi naona kule kukataa ndo kulikuwa na akili, shabiki anayedaka kazi kama hiyo hapo hapo ananitisha (simtaji mtu). Ilivyotoka 2015 ikavuka dola bilioni 2. Na ushabiki ulimbeba kweli, alijua chombo cha yule rubani Han Solo lazima kiwe skrepa linalopaa, akajenga seti za kushikika, akapiga kwa mkanda wa filamu badala ya dijitali. Sawa, hadithi ilikuwa ile ile ya 1977 imebadilishwa nguo, jangwa, kiroboti chenye siri, dude la kulipua sayari, hilo tuligombana na sirudii.

Ya nane akapewa Rian Johnson, 2017, naye shabiki vile vile. Unakumbuka Luke, shujaa wa zile za zamani, anakabidhiwa upanga wake wa mwanga, ukumbi mzima kimya, yeye anautupa nyuma ya bega kama ganda la muwa? Mi nilicheka, wewe ulisimama. Kuna watu mpaka leo hawajamsamehe. Na yule dada Kelly Marie Tran aliyeigiza humo alitukanwa mtandaoni mpaka 2018 akafuta posti zake zote za Instagram, kosa lake kuigiza tu.

Ya tisa ilikuwa ya Colin Trevorrow, akaondolewa Septemba 2017, Abrams akarudishwa. Hapo namwonea huruma maana muda ulikuwa mfupi, muvi itoke Desemba 2019, na Carrie Fisher aliyeigiza Leia alishafariki 2016, ikabidi huyo Leia aungwe ungwe kwa vipande vilivyobaki kwenye ya 2015. Mtu gani angelala? Lakini huruma yangu inaishia kwenye medali. Mwisho wa ile ya 1977 Luke na Han wanavishwa medali, Chewbacca, yule mwenzao wa manyoya, haambulii kitu, mashabiki wakalalamika miaka 40. Basi 2019 Chewbacca anapewa medali! Sini ya sekunde chache, haisogezi hadithi hata kidole, ipo ili watu wapige makofi. Rey, shujaa wa hizi mpya, aliyekuwa mtoto wa walevi wasiojulikana akageuzwa mjukuu wa Palpatine, yule mfalme mwovu, na Palpatine mwenyewe aliyetupwa shimoni 1983 akafufuliwa. Kelly Marie Tran akabakiziwa kama dakika moja hivi ya kuonekana. Yaani waliomtukana wakapata walichotaka, hilo ndo linaniuma. Hela yenyewe ilipita bilioni 1 kidogo, kama nusu ya ile ya 2015. Mtu yule yule, penzi lile lile, ila safari hii anawaogopa mashabiki wenzake.

Sasa Zuhura ukimfufua Bi Shemsa kwa sababu ya komenti nakuja huko huko seti na kanga yangu. Alikufa vizuri yule mama, tulimlilia, muacheni apumzike.

Na maprodyuza nao usiwachukulie poa, madairekta Phil Lord na Chris Miller walitolewa 2017 katikati ya kupiga ile muvi ya Han Solo, Ron Howard akaitwa amalizie. Inasemekana walikuwa wanawaachia waigizaji waongee ya kichwani kwao. Na wewe na mchezo wako wa "ongea tu utakavyojisikia"... haya, sijasema.

Niambie basi, nani ana neno la mwisho kwenye editi, wewe au wao? Imeandikwa kwenye mkataba au mmeongea tu kwenye chai? Sabuni itakaa sini ipi, isije ikawa msibani? Skripti nani anaandika, yule yule wa msimu wa kwanza? Na Bi Shemsa harudi, eti? Jibu hilo kwanza. Na vitenge vya mama unatuma lini?

Wako,
Rehema

Ukitaka mtu wa kupita kwenye sini ya sokoni amebeba kikapu, mi nipo Jumamosi.