Anayekodoa macho na kutafuna mdomo mtupu si lazima ana pepo

Ndugu Mhariri,

Kifafa wengi wanakijua kwa sura moja: mtu kaanguka, kakakamaa, povu linamtoka. Ipo sura nyingine isiyomwangusha mtu, na hiyo hufika kwenye maombezi au kwa mganga muda mrefu kabla ya kufika hospitali. Chanzo chake ni sehemu ya ubongo iliyo pembeni mwa kichwa, usawa wa sikio.

Kikianza, mgonjwa huhisi kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni. Hofu humvaa ghafla, au hunusa kitu kinachoungua wakati wenzake hawanusi chochote. Kisha hukodoa macho, haitiki akiitwa, hutafunatafuna mdomo mtupu, na vidole huchezea kifungo cha shati au upindo wa kanga. Dakika moja au mbili kimekwisha, yeye kabaki ameduwaa wala hakumbuki. Kinachokifichua ni kwamba huja vilevile kila mara, kwa mpangilio uleule, awe ibadani, shambani au usingizini. Aliyepandisha pepo kwenye ngoma, kwa kawaida, huongea na kudai vitu, na huweza kukaa hivyo saa nzima.

Sehemu hiyo ya ubongo inahusika na kumbukumbu na hisia nzito, ndiyo maana wapo wanaohisi uwepo wa Mungu wakati kifafa kimewashika. Ni wachache mno. Mwaka 1998 watafiti wa Japani, Ogata na Miyakawa, waliripoti wagonjwa 234 wa kifafa, na waliopata hisia za kidini zinazofungamana na kushikwa na kifafa walikuwa 3 tu. Kabla yao, mwaka 1975, Waxman na Geschwind wa Marekani walieleza wagonjwa walioshika dini kupita kiasi na kuandika kurasa kwa kurasa. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo kama hiyo ni tabia ya ugonjwa huu. Basi wanaosema mitandaoni kwamba manabii walikuwa na kifafa hawana walilolishika. Hakuna aliyewapima, na imani ya mtu si dalili ya ugonjwa.

Lipo jambo linalotutia hofu zaidi, na familia nyingi hazilijui. Mgonjwa hushikwa mara kadhaa mfululizo, kisha hutulia siku moja hadi tatu, nyumbani wanashukuru. Halafu hali hubadilika: halali, anasema ametumwa na Mungu, anaona maadui kila upande. Kwa kuwa katikati alikuwa mzima, hakuna anayekumbuka kifafa. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na visu viondolewe, maana katika hali hiyo anaweza kujidhuru au kumdhuru mtu. Hutibika, na kwa kawaida huisha kwa siku au wiki chache.

Kwa wachungaji na masheikh: sala na dawa haviwanii nafasi moja. Mkesha, kwa mgonjwa huyu, ni hatari kwa sababu kukosa usingizi huamsha kifafa. Kumwambia atupe vidonge kwa kuwa ameponywa ni hatari kubwa zaidi; fenobabitoni, dawa ya kifafa, ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kuja kisikatike, na kikipita dakika 5 ni dharura inayoua. Anayetaka kufunga Ramadhani aje kliniki wiki kadhaa kabla, asijipangie mwenyewe. Fenobabitoni mara nyingi hunywewa mara moja, usiku. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ikiwa ya mara mbili kwa siku, daktari anaweza kuihamishia futari na daku. Ambaye kifafa chake hakijatulia, aya ya 184 ya Al-Baqara imeshampa ruhusa ya kula.

Mwisho, msitegemee kipimo cha umeme wa ubongo peke yake. Kinaweza kutoka safi na mtu ana kifafa. Kinachomsaidia sana daktari ni picha ya video ya simu, ya mgonjwa akiwa ameshikwa. Msimshike mgonjwa wala kumtia kijiko mdomoni. Ondoeni moto na vitu vyenye ncha karibu naye, washeni taa, mikono na mdomo vionekane, mwiteni jina lake kila baada ya muda mfupi, na msizime simu mpaka aitike.

Wauguzi wa kliniki ya kifafa,
Morogoro